Dawa Inapobabua Ngozi: Yaliyotokea Kenya na Nchi Nyingine Jirani

Askari amezoea kupewa dawa kwa amri. Hupanga foleni mbele ya zahanati ya kikosi, hupokea vidonge mkononi, huvimeza mbele ya mganga, kisha hurudi kazini. Utaratibu huo ni mwema. Pasipo huo hakuna kombania itakayodumu msimu mmoja wa mvua katika nchi yenye malaria ikiwa na watu wake wote kamili. Hata hivyo ziko dawa chache, na ziko siku chache, ambapo yule aliyemeza kwa utii hana budi kusimama na kusema kwamba dawa imemdhuru, na mkubwa wake hana budi kumsikiliza saa ile ile.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu madhara makali ya ngozi yaletwayo na dawa. Mifano tunaitoa kwa jirani zetu wa Kenya, Uganda, Zambia na Msumbiji, kwa kuwa huko wako watu waliokaa wakahesabu wagonjwa mmoja mmoja na kuandika walichokiona, na kwa kuwa dawa zenyewe ndizo zile zile zilizotumika hapa kwetu.

Kwanza hapana budi tutenganishe jambo dogo na kubwa. Dawa nyingi huweza kumletea mtu mwasho na vipele vidogo vinavyokwisha baada ya siku chache. Hilo ni la kawaida. Maradhi tunayoyazungumzia hapa huanza kwa namna nyingine. Mtu hupata homa, koo humuuma, macho humwasha na kuwa mekundu, hata yeye mwenyewe akadhani kwamba ameshikwa na mafua au malaria. Baada ya siku moja au mbili ngozi huanza kuuma, na tuseme wazi kwamba huuma kuliko kuwasha. Mabaka hutokea kifuani, usoni na mikononi. Kwa watu weusi mabaka hayo aghalabu hayaonekani mekundu kama yasemavyo maandishi ya Ulaya, bali huwa ya zambarau au meusi kuliko ngozi iliyoyazunguka. Kisha huja malengelenge, na ngozi huteleza na kutoka kwa kuguswa tu, mfano wa ganda la nyanya iliyotiwa katika maji ya moto. Midomo huchubuka, ulimi huvimba, macho hugandamana, na sehemu za siri hupata vidonda.

Mwaka 1922 waganga wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, waliwaeleza watoto wawili wa kiume waliokuwa na hali hiyo, na mpaka leo ugonjwa huo huitwa kwa majina yao. Mwaka 1956 mganga wa ngozi wa Uingereza, Alan Lyell, alieleza wagonjwa ambao ngozi yao ilitoka mwili mzima kama ya mtu aliyemwagiwa maji yanayochemka. Siku hizi wataalamu huyahesabu hayo mawili kuwa ni ugonjwa mmoja wenye daraja mbalimbali. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama sehemu moja katika mia ya ngozi yake yote. Ikiwa ngozi iliyobambuka haifikii viganja 10, hiyo ni daraja ya chini, nayo huua hadi mgonjwa mmoja katika kila kumi. Ikizidi viganja 30, ni daraja ya juu, na huko hufa kama theluthi moja ya wagonjwa au zaidi. Wanaopona wengine hubaki na makovu ya macho, na wapo waliopofuka.

Watu hudhani kwamba balaa hili hutokana na kupewa dawa nyingi kupita kiasi. La hasha. Kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa. Kinachotokea ni kwamba chembe za damu zilizo askari wa mwili huitambua dawa kama adui, nazo zikageuka kuzishambulia chembe za ngozi ya mwenyewe. Kazi hiyo huchukua muda, na ndiyo maana ugonjwa huja kwa kawaida kati ya siku 4 na siku 28 tangu mtu aanze dawa kwa mara ya kwanza. Wakati huo huenda amekwisha kuisahau. Anapoulizwa hospitali, "Umekula dawa gani?", hutaja ile panado aliyomeza jana alipoona homa, asitaje kile kidonge cha wiki mbili zilizopita. Na dawa nyingine hazina haraka ya kutoka. Ile salfa ya muda mrefu iitwayo sulfadoksini huhitaji siku kama nane ili nusu yake tu ipungue mwilini. Mtu aliyeimeza Jumatatu bado anayo Jumatatu ya pili, atake asitake.

Sasa twende Kenya.

Katika miaka ya 1940 mtaalamu wa Ujerumani, Gerhard Domagk, pamoja na wenzake, walileta dawa ya kifua kikuu iliyokuja kuitwa tiasetazoni. Domagk ndiye yule yule aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939 kwa kugundua dawa ya kwanza ya jamii ya salfa, hata ikawa jamii zote mbili za dawa tunazozizungumzia leo zimepitia mikononi mwake. Katika miaka ya 1950 na 1960 waganga wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, waliijaribu tiasetazoni pamoja na isoniazidi. Wakaona kwamba dawa hizo mbili zikiwekwa katika kidonge kimoja cha kila siku hufanya kazi isiyo mbali na ile ya dawa nyingine iliyokuwa ghali na iliyomlazimu mgonjwa kumeza vidonge tele kila siku. Nchi zetu zilikuwa zimejipatia uhuru hivi punde, hazina fedha za kigeni, na wagonjwa wa kifua kikuu ni wengi. Kidonge hicho cha bei nafuu kilikuwa neema. Kilitumika Kenya, kilitumika Uganda, na hapa kwetu kiliingia katika mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza mwaka 1977.

Ilijulikana tangu miaka ya 1960 kwamba tiasetazoni huweza kuharibu ngozi, na kwamba watu wa nchi nyingine walidhurika zaidi kuliko wa nchi nyingine. Afrika Mashariki tulikuwa katika wenye bahati. Waliodhurika walikuwa wachache, nao wakabadilishiwa dawa, kazi ikaendelea.

Bahati hiyo ilikwisha pale ulipoingia ugonjwa wa UKIMWI katika miaka ya 1980. Wagonjwa wa kifua kikuu wakaongezeka, na waganga wa Nairobi wakaanza kuwaona watu waliolazwa kwa ajili ya mapafu wakibabuka ngozi baada ya kuanza dawa. Jambo la kwanza ambalo mtu angeweza kulisema ni kwamba UKIMWI wenyewe huleta magonjwa ya ngozi, na kwa hiyo hapakuwa na la ajabu. Heshima ya wataalamu wale ni kwamba hawakuishia hapo. Waliwapima wagonjwa, wakawagawa kati ya wenye virusi na wasio na virusi, wakahesabu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la waganga la Uingereza liitwalo Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wasio na virusi, waliopatwa na madhara ya ngozi walikuwa kama mmoja katika kila mia. Miongoni mwa wenye virusi walikuwa kama mmoja katika kila watano, na wengine wao walikufa. Kisababishi kilikuwa tiasetazoni.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Dawa ilikuwa ile ile iliyotumika kwa miaka 30. Haikuchakaa wala haikughushiwa, na kipimo chake hakikubadilika. Kilichobadilika ni watu walioimeza. Mwenye kusema, "Dawa hii tunaijua tangu zamani," alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio uliokuwa hatari.

Zambia ilikuwa na habari ya kuhuzunisha zaidi, kwa kuwa ilihusu watoto. Wataalamu wa Lusaka walichapisha mwaka 1993 taarifa ya watoto waliokuwa wakitibiwa kifua kikuu. Wenye virusi walidhurika na tiasetazoni mara nyingi kuliko wenzao, na wengi wa watoto waliopatwa na ile hali ya Stevens na Johnson walifariki. Uganda nayo ilifanya jaribio rasmi mjini Kampala, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 1994. Wagonjwa wenye virusi waligawanywa kwa kura, kundi moja likapewa mseto wenye tiasetazoni na la pili mseto wenye rifampisini. Madhara ya ngozi yalikuwa mengi zaidi katika kundi la kwanza, na makohozi ya kundi la pili yalisafika upesi zaidi.

Shirika la Afya Duniani likatoa agizo kwamba tiasetazoni isipewe mgonjwa anayejulikana au kudhaniwa kuwa na virusi vya UKIMWI, na mahali pake pachukuliwe na ethambutoli. Ni rahisi kuliandika agizo la namna hiyo ukiwa Geneva. Kulitekeleza kulihitaji fedha, na nchi hizi zilitakiwa kulipa zaidi kwa kila mgonjwa wakati ule ule idadi ya wagonjwa ilipokuwa inapanda. Wako waliosema kwamba tiasetazoni ilikuwa dawa ya maskini waliyoachiwa na matajiri. Maneno hayo yana ukweli, kwani nchi zenye uwezo zilikuwa zimekwisha kuipa kisogo zikatumia dawa bora. Lakini haki itendeke pia kwa upande wa pili. Kidonge hicho kiliwainua vitandani maelfu ya watu ambao vinginevyo wasingepata dawa yoyote. Kosa lingekuwa kuendelea nacho baada ya Nairobi kuhesabu.

Tutoke kwenye kifua kikuu tuingie katika salfa, kwa maana hiyo humgusa askari kwa karibu zaidi. Mnamo miaka ya 1980 huko Msumbiji kulikuwa na kipindupindu, na wakuu wa afya waliamua kuwapa watu wengi kwa pamoja dozi moja ya sulfadoksini ili kuukinga ugonjwa. Taarifa iliyotolewa katika jarida lile lile la Lancet mwaka 1985 ilisema kwamba waliopewa walizidi 140,000. Watu 22 kati yao walipatwa na ugonjwa wa Stevens na Johnson, na 3 walikufa. Mtu atasema, watu 3 katika kundi kubwa namna hiyo si wengi. Lakini hao walikuwa wazima. Hawakuwa na kipindupindu, na huenda wasingekipata kamwe. Tena dawa yenyewe haikuwa na uwezo mkubwa wa kuzuia maambukizo kuenea, na siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri kugawa dawa kwa umati ili kukinga kipindupindu. Hushauri maji safi, vyoo, chanjo, na kuwatibu upesi walioanza kuharisha.

Habari ya watalii wa Kimarekani inafanana na hiyo. Walipokuwa wakisafiri kwenda nchi zenye malaria sugu, zikiwamo za pande zetu, walishauriwa kumeza Fansidar kila wiki ili wajikinge. Fansidar ni sulfadoksini iliyochanganywa na pirimethamini. Kati ya mwaka 1982 na 1985 wakuu wa afya wa Marekani walipokea habari za watu 24 waliobabuka vibaya, na 7 wakafa. Walipopiga hesabu waliona kwamba kifo kimoja hutokea kwa watumiaji kati ya 11,000 na 25,000. Ushauri wa kumeza dawa hiyo kila wiki ukaondolewa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na ofisa yeyote mwenye madaraka juu ya foleni ya dawa yafaa alishike. Mtu akiwa mahututi kwa malaria, hatari ndogo ya dawa ni bora kuliko hatari kubwa ya ugonjwa. Kwa sababu hiyo Malawi iliifanya dawa hiyo kuwa tiba yake ya kwanza ya malaria mwaka 1993, Kenya mwaka 1998, na sisi mwaka 2001, klorokwini iliposhindwa, na hatukukosea. Mamilioni ya watu walitibiwa kwa dozi moja, mpaka ilipofika zamu ya dawa mseto. Lakini mtu mzima wa afya, anayepewa dawa kwa sababu tu yumo katika orodha, mizani yake ni nyingine kabisa. Dawa ya kinga hutakiwa iwe salama kuliko dawa ya tiba.

Isije askari akatoka hapa akamkataza mkewe mjamzito kumeza SP anayopewa kliniki. Nchi zetu zote hizi, Kenya katika maeneo yake yenye malaria nyingi, Uganda, Malawi, Msumbiji na sisi wenyewe, huendelea kuwapa wajawazito dozi za dawa hiyo zilizoachana kwa mwezi mmoja au zaidi, na madhara makali ya ngozi kwa utaratibu huo ni nadra mno, ilhali malaria ya mimba huua mama na kudhoofisha mtoto. Asiyepewa ni yule aliyewahi kudhurika na salfa, na yule anayemeza kotrimoksazoli kila siku kwa ajili ya virusi, maana hiyo nayo ni salfa na kuzibeba mbili kwa pamoja kunaongeza hatari.

Jambo hilo la salfa mbili lina upande wake mpakani. Askari wetu hulinda mipaka, na wengine hutumwa nchi za nje kulinda amani. Dawa huvuka mpaka kwa majina mengi. Mtu aliyebabuliwa na Fansidar akaambiwa asiiguse tena maisha yake yote, atavuka upande wa pili, atashikwa na homa, ataingia duka la dawa, atapewa Metakelfin. Atasoma jina geni, atatulia. Lakini Metakelfin ni salfa nyingine iliyochanganywa na pirimethamini ile ile. Akiwa na kikohozi atapewa Septrin au Bactrim, nazo ni kotrimoksazoli. Jina kubwa lililopambwa kwenye kasha hubadilika kama nguo. Lililo la maana ni lile lililochapwa kwa herufi ndogo chini yake, na hilo ndilo la kuandikwa katika kadi ya matibabu. Na tusidhani kwamba ni salfa peke yake. Dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini zimo katika orodha, na allopurinoli inayotolewa kwa ugonjwa wa jongo imo. Nevirapini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nguzo ya tiba ya virusi vya UKIMWI katika Uganda, Kenya na Malawi, ilikuwa na tabia hiyo pia. Ndiyo sababu wagonjwa walianzishiwa nusu ya kipimo kwa siku 14, na aliyetokwa na upele hakuongezwa mpaka aonwe na mganga. Sasa watu wazima wengi wamehamishiwa dawa nyingine.

Tuseme sasa habari za kambini na kituoni, maana huko ndiko siku mbili za kwanza hupotea.

Askari akimwambia sajini wake kwamba ngozi inamuuma, kuna majibu matatu yaliyo tayari. La kwanza ni kwamba anatega kazi. La pili ni kwamba ni vipele vya joto, au jasho la mkanda na buti. La tatu, likisemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba ametupiwa kitu. Yote matatu huchelewesha. Yapo maswali mafupi yanayofaa zaidi: Je, ameanza dawa yoyote katika majuma manne hadi manane yaliyopita? Je, ana homa? Je, macho au midomo imeanza kuchubuka? Je, ngozi inauma ikiguswa? Akiwa ameanza dawa, na moja tu katika dalili hizo tatu ipo, apelekwe kwa mganga siku ile ile, na asimeze dozi inayofuata kabla hajaonwa. Malengelenge yakiwa yamekwisha kutokea, hiyo ni safari ya hospitali kwa gari la kwanza linalopatikana, hata kama ni usiku.

Kwa upande wa polisi kuna jambo zaidi. Mahabusu naye humeza dawa. Wengine huingia mahabusu wakiwa wameanza tiba ya kifua kikuu au ya virusi juma moja tu lililopita, yaani katika siku zile zile za hatari. Katika chumba kilichojaa watu upele wa kawaida ni mwingi, na kila mtu anajikuna. Askari wa zamu akisikia kilio cha mwasho hana la kushangaa. Lakini upele ule wa kuambukizana hauleti homa, hauchubui midomo, wala hauyagusi macho. Funguo ziko mkononi mwa askari, na mgonjwa hawezi kwenda hospitali kwa miguu yake.

Kuna udhia mwingine ulio mdogo ambao huwatia watu aibu bure. Salfa na dawa nyingine huweza kuleta baka moja jeusi la duara, au machache, ambalo hurudi mahali pale pale kila mtu amezapo dawa ile. Mahali linapopapenda ni midomoni na kwenye uume. Askari akiliona huko huwaza kaswende, huficha, na hununua dawa kwa siri. Pengine dawa anayouziwa ni ile ile iliyolileta, na baka huwaka upya. Baka la namna hiyo peke yake si ule ugonjwa mkali, lakini ni onyo la kuiepuka dawa ile. Mwenye nalo amwone mganga, aseme tarehe alizomeza dawa.

Hapa wako watakaouliza: Je, hatuambiwi kila siku kwamba dawa ya kifua kikuu haikatizwi? Ndivyo, na sharti hilo liko pale pale. Anayeacha dawa kimya kimya kwa sababu ya mwasho, akajificha nyumbani, hujirudishia ugonjwa ukiwa sugu na kuwaambukiza wenzake bwenini. Tofauti ni kwamba huyu anakwenda kuripoti. Mganga ndiye atakayechagua dawa ya kuondoa na ya kuweka mahali pake, kama walivyofanya Wakenya walipoiondoa tiasetazoni pasipo kuisimamisha tiba yenyewe.

Mgonjwa anapochukuliwa, ngozi yake isivutwe wala malengelenge yasipasuliwe. Alazwe juu ya shuka safi, afunikwe apate joto, na kama anaweza kumeza anyweshwe maji, kwa kuwa hupoteza maji kama aliyeungua. Makasha yote ya dawa alizonazo, pamoja na mizizi na unga wa waganga wa jadi ikiwa ipo, yafungwe katika mfuko mmoja na kupelekwa naye. Hospitali hutibu zaidi kwa uangalizi: kusimamisha dawa inayoshukiwa, maji ya mishipa, lishe, kusafisha vidonda, na kuyashughulikia macho mara nyingi kwa siku yasije yakagandamana. Kuna dawa moja nyeupe ya kupaka, ipendwayo sana katika wodi za waliounguzwa na moto, ambayo ndani yake mna fedha na salfa. Kumpaka hiyo mtu aliyebabuliwa na salfa ni kuongeza kuni motoni, na matabibu wa vikosini hawana budi kukumbuka.

Aliyepona hapewi tena dawa ile, hata kwa majaribio, hata kidonge kimoja, kwani safari ya pili huweza kuja upesi na ukali zaidi. Kadi yake ya matibabu iandikwe kwa wino jina halisi la dawa, tarehe aliyoanza, tarehe aliyoanza kubabuka, na yaliyompata; na akihamishwa kikosi, kadi itangulie au ifuatane naye.

Kisha iko karatasi nyingine, nayo ni taarifa ya madhara ya dawa. Tanzania imo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara hayo tangu mwaka 1993, Msumbiji iliingia mwaka 2005, Uganda mwaka 2007, na Kenya, kwa njia ya Bodi yake ya Madawa na Sumu, mwaka 2010. Taarifa za nchi hizo hukusanywa pamoja na za nchi nyingine katika kituo kilichoko Uppsala, Sweden, ambako wagonjwa watatu wa vituo vitatu vilivyo mbalimbali, ambao kila mmoja alidhaniwa kuwa peke yake, huweza kuonekana katika orodha moja. Zahanati ya jeshi au ya polisi hujaza taarifa hiyo sawasawa na ya raia. Haihitaji uhakika kwamba dawa ndiyo yenye kosa; inatosha kushuku.